Maneno ya Kiingereza yanayofanana: ninavyoyatenganisha pale kaunta

Kibao changu cha kwanza kiliandikwa na fundi mwenye mwandiko mzuri na tahajia mbovu. Kilisomeka “STATIONARY, TYPING, PHOTOCOPY, PASSPORT SIZE”. Kilining'inia pale miezi minne, na hakuna aliyesema kitu. Siku moja mwalimu mstaafu alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, akakitazama kibao juu chini, akaniuliza, “Mwanangu, ofisi yako ilikuwa inatembea? Maana naona umetangaza kwamba imesimama.”

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, miwani ikiwa puani: “stationary” yenye a ni kitu kilichosimama, hakiendi mbele wala nyuma, kama daladala kwenye foleni ya Morocco, hapa Dar, saa kumi na moja jioni. Karatasi, kalamu na bahasha ni “stationery” yenye e. Nilimlipa fundi mwingine elfu kumi na tano kwa kubadilisha herufi moja.

Usiku ule niliingia mtandaoni kwa hasira, nijue nani alileta uchokozi huu. Kumbe maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Ulaya ya zamani wauza vitabu wengi walikuwa machinga, wanatembeza. Wachache waliopata kibanda cha kudumu, hasa karibu na vyuo vikuu, wakapewa jina la Kilatini lenye maana ya mtu aliyetulia sehemu moja, na Waingereza wakaligeuza kuwa “stationer”. London walishakuwa na chama chao tangu mwaka 1403. Bidhaa za “stationer” ndizo zikawa “stationery”, na e ni ile ile ya mwenye duka. Ukishindwa kukumbuka hadithi yote hiyo, kumbuka kwamba “pen” na “envelope” zina e, na gari lililosimama lime-“park”, lina a.

Nipo Mwananyamala Kwa Kopa, kopi shilingi mia, kuchapa ukurasa elfu moja. Sikusomea Kiingereza chuoni. Nilisoma shule ya msingi ya serikali, kila kitu kwa Kiswahili, kisha Fomu Wani ikaja na kila kitu kikageuka Kiingereza ndani ya wiki moja, na nadhani wengi wetu hatujawahi kupona ule mshtuko. Ninachojua nimekipata kwenye makosa ya barua za watu, yangu yakiwa ya kwanza. Miaka yote hii nimegundua kwamba anayeshindwa kutofautisha “borrow” na “lend” hana tatizo la Kiingereza. Anajua tofauti hiyo tangu utotoni, ila kwa Kiswahili, na hakuna aliyemwambia aitumie. Kwa hiyo kabla hujafungua kamusi, isemee sentensi yako kwa Kiswahili, kwa sauti, na usikilize kitenzi kinaishaje.

Mkia wa kitenzi

Tuanze na hilo la kukopa, maana kwa mtaa ninaokaa siwezi kulikwepa. Kila siku mtu ananiambia “borrow me a pen”. Kosa hili linatoka kwenye neno kuazima. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema “niazime kalamu” kwa mwenye nayo, na pia “nimeazima kalamu kwa jirani”. Neno moja linakwenda pande zote mbili, na “borrow” haiwezi hivyo. Ila angalia ikiwa ni hela. Hakuna mtu wa vikoba aliyewahi kusema “nikope laki mbili”. Utasema “nikopeshe”. Basi fanya hivi: toa azima, weka kopa au kopesha. Ikikaa kopa, andika “borrow”. Ikikaa kopesha, andika “lend”. “Can I borrow your pen” ni naomba nikope kalamu yako. “Can you lend me your pen” ni naomba unikopeshe. “Borrow” inafuatwa na “from”, kwa sababu kitu kinatoka huko, na “lend” inafuatwa na “to”.

Huo mkia wa -sha utakufikisha mbali. Kumbuka ni “remember”, kumbusha ni “remind”. Usimwandikie bosi “please remember me about the meeting”, atadhani unaaga dunia. Bei inapanda, hiyo ni “rise”. Mtu anapandisha bei, hiyo ni “raise”. Mwenye nyumba mmoja aliniletea barua ya wapangaji wake aliyoiandika mwenyewe, “I will rise your rent from January”. Nikamuuliza, baba, kodi itapanda yenyewe au utaipandisha wewe? Akacheka, akasema ningependa ipande yenyewe, lawama zipungue. Tukaandika “raise”. Wakati uliopita nao hauchanganyiki: “rise” inakuwa “rose”, “raise” inakuwa “raised”.

Lala na laza ndiyo “lie” na “lay”. Mtu analala chini, “lie down”. Mama anamlaza mtoto kitandani, “lay”. Hapa Kiingereza kina ubaya wake, kwa sababu “lie” ikienda wakati uliopita inageuka “lay”, herufi kwa herufi sawa na ile nyingine. Jana nililala chini ni “yesterday I lay down”. Jana nilimlaza mtoto ni “I laid the baby down”. Hata Waingereza wenyewe wanalikosea hili, kwa hiyo usijinyonge. Ila kuna sehemu mkia wetu unadanganya: kulazwa hospitali. Nimeshaletewa barua ya kuomba ruhusa kazini yenye “I was laid at Muhimbili for four days”. Kuku akitaga mayai ndiyo “lay”, mgonjwa yeye ni “admitted”. Niliirekebisha bila kumwambia mteja, kwa kuwa alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta.

Sasa njoo kwenye jozi inayoharibu barua nyingi za kazi kuliko nyingine yoyote. “I am very interesting in this post.” Nimeiona hata kwa wenye shahada. Maana yake ni mimi ni mtu wa kuvutia sana katika nafasi hii. Pengine ni kweli, lakini msaili hakuuliza hilo. Jipime kwa Kiswahili: navutia au nimevutiwa? Navutia ni “interesting”. Nimevutiwa ni “interested”, na inafuatwa na “in”. Jipime tena kwa lugha ya mtaani: naboa ni “I am boring”, nimeboreka ni “I am bored”. Inachanganya, “it is confusing”. Nimechanganyikiwa, “I am confused”. Kinachotenda kinachukua “-ing”, aliyetendwa anachukua “-ed”. Dada mmoja alinibishia kwamba yeye hatendwi, anajisikia tu mwenyewe. Nikamwambia asome sentensi yake kwa Kiswahili mbele ya fundi cherehani wa jirani. Aliposema “mimi ninavutia sana katika kazi ya uhasibu”, fundi aliacha kushona. Hakunibishia tena.

Mtu au kitu?

Wapo watakaokwambia “steal” na “rob” ni kitu kimoja, zote kuiba. Kwa hapa Dar, ambako mtu anaweza kupoteza simu kwa njia tano tofauti kati ya Kariakoo na Mwenge, huo ni uvivu. Watu wakija kuchapa maelezo ya kupeleka polisi au kwa mwajiri, hili ndilo neno ninaloliangalia kwanza.

Kiswahili kinasema wameiba simu, na wameniibia. Kuiba kunafuatwa na kitu, kuibia kunafuatwa na mtu. “Steal” inafuatwa na kitu: “they stole my phone”. “Rob” inafuatwa na mtu au mahali: “they robbed me”, “they robbed a shop”. Ukiandika “they robbed my phone” umesema simu yako ndiyo iliyovamiwa, wewe ulikuwa pembeni unaangalia.

Lakini kuna jambo zito kuliko sarufi. “Robbery” inabeba nguvu au vitisho. Sheria yetu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha wizi na unyang'anyi. Na ukiwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo hakipungui miaka 30. Kijana mmoja wa dukani alikuwa amechukua elfu arobaini kwenye droo, mwenye duka akaja na karatasi yenye “he robbed me”. Nikamuuliza alikukaba? Alikutishia? Hapana, alisubiri nimeenda kuswali. Basi huyo “stole”. Usimpeleke mtoto wa watu mahali ambako kosa lake halijafika kwa sababu ya neno.

Na kwa kuwa lugha yetu ya mtaa imejaa maneno ya balaa hili, yatumie kama kipimo. Umechomolewa pochi kwenye daladala bila kujua? “My wallet was pickpocketed” si sawa, anayepata mkasa huo ni mtu, kwa hiyo “I was pickpocketed”, au sema tu “someone stole my wallet”. Umekwapuliwa na waliopita na bodaboda? “Snatched”, na hapo kinachofuata ni kitu. Umekabwa uchochoroni? “Mugged”, na hapo ni mtu. Wamevunja nyumba usiku? “Burglary”. Wakivunja mchana sheria yetu inaita “housebreaking”. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni mzaha, jina la kosa kubadilika kwa kuzama kwa jua, lakini ndivyo ilivyo.

Kipimo hiki cha mtu au kitu kinatatua pia “say” na “tell”. Sema na ambia. Hebu jaribu kusema “mama aliambia kwamba tusichelewe”. Sikio limekataa, sivyo? Aliambia nani? Kuambia lazima kubebe mtu tumboni: ali-ni-ambia, ali-tu-ambia. “Tell” ni hivyo hivyo, haisimami bila mtu: “she told us”. Kusema hakuhitaji mtu: “she said that”. Anayeandika “he said me” ameandika “alisema mimi”, na hakuna Mswahili anayesema hivyo. Zipo chache zinazopita bila mtu, kama “tell the truth” na “tell a story”, zikariri tu.

Na kushinda. Tuseme Yanga imeshinda Jumamosi. Jumapili asubuhi utaona mitandaoni “Yanga won Simba”, na kwa hesabu ya Kiingereza hiyo ni kama Yanga wamecheza bahati nasibu wakaondoka na Simba kama zawadi. Mashabiki wengine wangependa iwe hivyo. Badilisha kushinda kwa maneno ya uwanjani: ukisema imeifunga, andika “beat”, na anayefuata ni mpinzani. Ukisema imetwaa au imechukua, andika “win”, na kinachofuata ni kombe, mechi, tuzo, kesi au zabuni. “Yanga beat Simba.” “Yanga won the match.” “Beat” haibadiliki ikienda wakati uliopita, usiiongezee “-ed”.

Kiswahili kikikosa la pili

Hadi hapa Kiswahili kimekubeba. Zipo sehemu ambazo kinakuacha, kwa kuwa chenyewe kina neno moja na Kiingereza kina mawili au manne. Hapo hakuna mkia wa kusikiliza. Unajiuliza swali.

Hili lilinigharimu aibu. Kijana mmoja aliyekuwa mlinzi wa yadi ya magari kwa miaka mitatu alikuja nimtengenezee CV. Akasema, “Dada, andika nilikuwa afisa usalama.” Nikaandika kwa kujiamini kabisa, “Safety Officer, three years”. Wiki mbili baadaye akaitwa usaili kwenye kampuni ya ujenzi. Akaazima viatu, akaenda. Aliporudi alisimama kaunta kimya kidogo, kisha akasema, “Dada, waliniuliza kofia za helmeti. Wakaniuliza jukwaa la mafundi linafungwaje lisianguke, na mtu akipigwa na umeme naanza na nini. Hakuna aliyeniuliza wezi.” Nilimrudishia hela yake na nikamchapia CV upya bure, nakala kumi.

Kosa lilikuwa kwenye neno usalama. Linabeba “safety” na “security” kwa pamoja. Swali la kujiuliza ni hili: unamkinga mtu na ajali au na adui? Ajali, moto, sumu, kuteleza, hiyo ni “safety”. Mwizi, jambazi, jasusi, mtu mwenye nia, hiyo ni “security”. Usalama barabarani ni “road safety”. OSHA, ile Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ile herufi ya pili ndani yake ni “safety”. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ni “Security Council”. Kizima moto ukutani ni “safety”, mlinzi getini ni “security”. Mkanda wa gari ni “safety belt”, na wengine huuita “seat belt”.

Kodi nayo ni mbili: unayompa mwenye nyumba ni “rent”, unayoipa TRA ni “tax”. Mteja aliyeandika “I have paid tax for six months to my landlord” alikuwa amelipa kodi ya miezi sita kama tunavyolipa wengi hapa mjini, lakini msomaji angedhani mwenye nyumba wake ni serikali. Nauli, ada na faini hazina shida, Kiswahili kimeshazitenga: “fare”, “fee”, “fine”.

Safari ina kisa kitamu. “Safari” ni neno letu, tulilolipata kwa Waarabu, na Waingereza wakalichukua kwetu karne ya 19. Walipofika nalo kwao wakalikatia mabawa. Kwetu kwenda Mbeya kuzika ni safari, kwenda Kigamboni kwa kivuko ni kasafari. Kwao safari ni kwenda kuangalia simba na tembo. Ukimwandikia mtu wa Uingereza “I am on safari to Mbeya” atakuomba picha. Andika “trip” kwa safari ya kwenda na kurudi yenye shughuli, hata konda anasema leo kapiga tripu sita. “Journey” ni mwendo wenyewe, ule mwili unaochoka: “the journey took twelve hours”. “Travel” iache iwe kitenzi, usiandike “I had a travel”.

Mgeni ni manne. Umemwalika? “Guest”, ndiyo maana mgeni rasmi ni “guest of honour”. Amekuja kutembelea tu, umemwalika au hujamwalika? “Visitor”. Humjui? “Stranger”. Ametoka nchi nyingine? “Foreigner”. Kwenye kadi moja ya harusi nilikuta “all strangers should be seated by 7 pm”. Nilicheka mpaka printa ikamaliza karatasi.

Kivuli: cha kupumzikia chini ya mwembe ni “shade”, chenye umbo lako kinachokufuata ni “shadow”. Mguu: chini ya kifundo ni “foot”, wote kwa ujumla ni “leg”. Mkono vivyo hivyo, “hand” na “arm”. Haya ni mepesi, ila ukienda kwa daktari asiyejua Kiswahili yanakuwa mazito.

Pole ni jambo jingine kabisa, hatuna wa kumlaumu. Mtu akijikwaa mbele yetu tunasema pole, na tukiwa kwenye Kiingereza tunasema “sorry”. Mwingereza aliyejikwaa anashangaa, kwa nini unaomba radhi wakati hukumsukuma? Kwake “sorry” ni samahani kwanza, pole baadaye. Kwenye rambirambi ongeza neno: “I am sorry for your loss” haina utata. Kwa aliyejikwaa sema “are you all right?” Na samahani yenyewe igawe kwa wakati. Kabla hujamsumbua mtu, “excuse me”. Ukishamkanyaga, “sorry”.

Mwisho kwenye kundi hili, nategemea. Siku hizi kila mtu anategemea: nategemea kuja kesho, nategemea kujifungua mwezi wa tatu. Wakihamia Kiingereza wanaandika “I am depending to come”. Jaribu kuweka natarajia mahali pake. Ikikaa, ni “expect”. Ikikataa, kwa sababu kweli unamwegemea mtu akulipie ada, ni “depend on”.

Herufi moja

Kuna wateja wanaodhani kale ka-“a” kadogo ka Kiingereza ni pambo. Mkuu mmoja wa kituo aliniletea barua ya kumpendekeza kijana wake, amempenda kweli, lakini aliandika “he has little experience with computers and few problems”. Nikamwuliza alitaka kusema nini. Kwamba uzoefu wa kompyuta anao kidogo, na matatizo hana mengi. Sehemu ya pili ameipata. Sehemu ya kwanza ameizika.

Kwa vitu vinavyohesabika tunazo chache na kadhaa. Nina marafiki wachache, hiyo ina malalamiko ndani, ni “few friends”. Nina marafiki kadhaa, hiyo ni kutaja tu kwamba wapo, ni “a few friends”. Kwa visivyohesabika sikiliza ni na ipo. Sukari ni kidogo, yaani haitoshi, “there is little sugar”. Sukari ipo kidogo, yaani chai itanyweka, “there is a little sugar”. Tukampa kijana wake “a little experience”, na “few problems” tukaiacha kama ilivyo, kwa sababu kwa matatizo tunataka yawe machache hivyo hivyo.

“Lose” na “loose” zitenganishe kwa sikio. Waswahili s na z hatuzichanganyi, kwa hiyo tumia bahati hiyo. “Lose” inasikika na z, ni kupoteza au kufungwa mechi. “Loose” inasikika na s, ni kitu kilicholegea, kama nati ya kiti changu cha wateja. “Advice” na “advise” ni hivyo hivyo: ya kwanza ina s mdomoni, ni ushauri, na haina wingi, usiandike “advices”. Ya pili ina z mdomoni, ni kushauri. Jozi hii ndiyo itakayokuongoza kwa “licence” na “license”, “practice” na “practise”, ambazo sikio haliwezi kuzitenga. Kwa Uingereza, ambao sisi tunawafuata, yenye c ni jina na yenye s ni kitenzi. Marekani wameamua kupumzika: “license” kwa zote, “practice” kwa zote. Chagua upande mmoja kwa barua nzima.

“Affect” na “effect” ni athiri na athari. Mvua imeathiri biashara, “affected”. Athari za mvua, “effects”. Kitu hutenda kwanza ndipo matokeo yaonekane, na a hutangulia e kwenye alfabeti. Ila maofisini utakuta “please effect payment”, na si kosa, hapo “effect” ni kitenzi chenye maana ya kutekeleza. Usiirekebishe halafu ukamwandikia mhasibu ayaathiri malipo yako.

Niliacha “come” na “go” makusudi kwa kuwa mwenyewe bado yananishinda. Kuleta na kupeleka ni “bring” na “take”, hayo sawa. Lakini kuna ile nakuja yetu, tunayoisema tukiwa tunaondoka, yenye maana ya nisubiri, narudi sasa hivi. Mwaka jana alikuja kijana wa Kizungu anayejitolea jirani, akatoa kopi tatu, akanipa noti ya elfu kumi. Sikuwa na chenji. Nikamwambia “I am coming” na nikatoka mlangoni kwenda kwa mama ntilie kuvunja ile noti. Nilimwacha amesimama anautazama mgongo wangu. Mama ntilie hakuwa nayo, nikaenda kwa wakala, kwa wakala kuna foleni. Niliporudi alikuwa bado pale pale, ameshika kopi zake. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha darasani, “Dada, ulikuwa unakuja au unakwenda?”

Nikamhesabia chenji yake, nikamwambia nilikuwa nakuja.